Mnahama Lini?

Hjelmtoft, 9 Februari 2025

Shangazi Ragnhild,

Sasa hivi hapa, kabla sijashika kalamu, Vigga amemvua mwanasesere wake nguo zote, amemlaza ndani ya buti la baba yake, amelisukuma buti mpaka mlangoni, kisha akanigeukia na uso wa kikazi: "Nje. Lala." Nimecheka mpaka nimeketi chini. Miaka miwili hajatimiza na tayari anajua kwetu mtoto halazwi ndani mchana. Yeye mwenyewe nimemlaza nje, kwenye kigari, tangu alipokuwa mdogo kama mkate. Akiamka mashavu ni mekundu kama tufaha, na pua baridi kama ya mbwa.

Sisi hatujambo. Troels mgongo umetulia. Bibi yuko palepale kwenye nyumba ya wazee. Masikio yamepungua, ulimi haujapungua hata kidogo. Kila Jumapili ananiuliza, "Ragnhild kaandika?" Nami namwambia, una kazi nyingi, Bibi. Ananijibu, "Kazi nyingi hata mimi nilikuwa nazo, na bado nilimzaa."

Sasa lililonifanya niandike. Kiwandani kwa Troels wamekusanywa wakaambiwa kwamba ule ushuru unaotozwa vigari vya watoto vinavyotoka Uchina unafika mwisho mwaka huu, na wakubwa wa Brussels wametaka wachumi wapime kama uendelee au ufutwe. Ukifutwa, kiwanda hakiwezi kushindana. Hilo msimamizi hakuficha. Kisha akataja mchumi atakayeongoza upimaji. Troels alirudi nyumbani hakuvua hata kofia. "Mke wangu, tumepona! Ni shangazi yako!"

Mimi shule niliiacha mapema, unajua. Mambo ya biashara ya dunia siyaelewi. Ninachoelewa ni kwamba Troels anakunja springi za vigari miaka tisa sasa na hakuna kazi nyingine hapa, na mwaka jana tulinunua ile shule ya zamani karibu na kanisa, tukaifanya nyumba. Kijiji kikikosa kazi, nyumba ni rundo la matofali tu. Hakuna atakayeitaka, na benki itaendelea kutaka chake.

Sikuombi upendeleo. Nakuomba uje utuone. Ukituona, najua.

Akupendaye,
Solvej


Geneva, 2 Machi 2025

Solvej,

Barua yako imenifikia. Mimi ni mzima. Nimehamia nyumba yenye dirisha la kutazama ziwa, ingawa ziwa lenyewe linaonwa zaidi na mama anayekuja kufagia. Nafurahi kwamba mtoto anakua.

Tafadhali mkataze mumeo kutembea akisema mmepona. Mimi si mwokozi wa mtu. Kazi yangu ni mizani. Upande mmoja naweka watu mia mbili wa Hjelmtoft. Upande wa pili naweka kila mzazi wa Ulaya anayelipa zaidi ili hao mia mbili waendelee kukunja springi. Fikiria mama mmoja wa Bukarest, rika lako, anayembeba mwanawe mkononi mitaa mitano kwa sababu kigari chenu kinauzwa bei ya ng'ombe. Fikiria na msichana wa kule Uchina anayeshona paa la kigari, naye ana mume, naye ana nyumba. Hao nao ni watu, Solvej. Tofauti yao na wewe ni kwamba hawana shangazi Geneva.

Kiwanda cha nguo alichofanya kazi baba yangu kilifungwa nikiwa na miaka kumi na miwili. Nguo zilianza kutoka Ureno kwa nusu ya bei. Hakuna aliyekilinda. Niliondoka, nikasoma, na leo niko hapa. Ningezaliwa katika kijiji kilicholindwa, leo ningekuwa nashona vifungo.

Nitakuja mwezi wa Mei pamoja na wenzangu wawili. Tutazungumza na wafanyakazi. Waambie wajibu kama wanavyojibu siku zote, na wasiniaibishe mbele ya wageni.

Ragnhild


Hjelmtoft, 27 Aprili 2025

Shangazi yangu,

Umesema utakuja! Nimeimba nyumba nzima, Vigga akanifuata nyuma akipiga sufuria. Jino la nyuma linamtoka, anamwaga mate kama bomba lililopasuka, lakini amekuwa mchangamfu.

Nimewaambia wote. Tutaandaa meza ya kahawa katika ukumbi wa kijiji, meza ya kwetu kamili, keki saba laini na saba kavu. Gerda, yule anayeshona mapaa ya vigari, ameshajitwika kuoka keki ya mkate mweusi, maana hamwamini mtu mwingine. Henning, yule anayepaka rangi kiwandani, amesema yeye hajui kuoka ila atavaa suti. Na nimewapa maneno yako kama ulivyoyaandika: mjibu kama kawaida, msimwaibishe. Gerda akasema, "Alaa! Tumwaibishe sisi? Huyo mtoto nimemfuta kamasi kwa aproni yangu." Kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Bibi ameomba gauni lake la buluu lipigwe pasi. Nimemwambia Mei bado. Anasema pasi haina tarehe.

Solvej wako


Hjelmtoft, 25 Mei 2025

Shangazi mpenzi,

Mmeondoka salama? Mlifika salama? Vigga bado anamtafuta yule mwenzako, kijana wa Kiholanzi aliyempa miwani yake aichezee. Anaangalia chini ya kiti: "Mtu wapi?"

Nakuandikia kukuuliza kitu kimoja tu: tulijibu vizuri? Maana baada ya gari lenu kuondoka hatukujua tufurahi au vipi. Mimi nilikuwa namimina kahawa muda wote, nikasikia nusunusu. Nilimsikia Mholanzi akimuuliza Gerda, "Mama, kiwanda kikifungwa utafanyaje?" na Gerda akamjibu, "Ah, itakwenda tu. Hujaonja hii ya hamira." Henning naye, "Tumeona makubwa kuliko hayo. Kula, kijana, umekonda." Kila mtu hivyo. Watu mia mbili, na hapakuwa na mmoja aliyeharibu meza ya mgeni kwa kulia njaa. Nilijivuna.

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, mama kijana?" Nikasema sisi bado vijana, dunia ni pana, tutafunga mizigo twende kazi iliko. Wote wakacheka, na wewe ulikuwa unaangalia kikombe chako. Nilitaka kuongeza neno hapo, lakini basi, halikutoka.

Mlipoondoka Gerda aliosha vikombe. Alikiosha kimoja muda mrefu sana. Nikaenda kumpokea nikakuta uso wote umelowa. Akaniambia, "Mvuke wa maji moto huu." Nikakubali ni mvuke.

Kule nyumba ya wazee Bibi alikaa na gauni la buluu, akikusubiri, tangu asubuhi mpaka wakapunguza taa. Nilimwambia gari lenu liliharibika njiani. Akasema, "Magari ya Geneva mabovu hivyo?" Labda ulikuwa umechoka. Labda utakuja peke yako kiangazi, bila kazi.

Niandikie hata mstari mmoja.

Solvej


Hjelmtoft, 13 Julai 2025

Shangazi,

Natumaini u mzima. Ya Mei hujanijibu, labda ilipotea. Lile sanduku jekundu la barua pale kanisani wameling'oa, hii naipeleka kwa baiskeli mpaka mjini Tønder, Vigga nyuma yangu akiimba. Anaimba wimbo wa maneno matatu na yote ni "farasi".

Gazeti la kwetu limeandika juu ya utafiti wenu. Troels alinisomea mezani. Limesema kwamba mlipima mkaona ushuru unawaumiza wazazi kuliko unavyowasaidia wafanyakazi. Hilo, sawa, ni hesabu zenu, siwezi kubishana nazo. Lakini chini yake mmesema watu wa kijiji "walipoulizwa hawakuonyesha hofu," na kwamba wako tayari kuhama. Na mmeweka maneno ya mtu mmoja. "Mama kijana, elimu ndogo: dunia ni pana, tutafunga mizigo." Hakuna jina. Shangazi, hapa kuna mama vijana wanne, na watatu siku ile walikuwa nyumbani na watoto wenye tetekuwanga.

Jana niliingia duka la ushirika. Henning alikuwa mbele yangu kwenye foleni. Hakugeuka vizuri, alisema upandeupande: "Solvej, mnahama lini?" Nikadhani ni utani, nikacheka. Gerda akadakia, "Mwache apite mbele, Henning, ana mizigo ya kufunga." Yule msichana wa kaunta akaniuliza kama nataka maboksi matupu, anayo mengi nyuma. Watu walicheka, shangazi. Nilimshika Vigga mkono tukatoka, maziwa nikayaacha juu ya kaunta. Troels naye kiwandani wanamwita Bwana Safari. Wamemchorea sanduku la nguo kwenye kabati lake.

Nakuomba jambo moja. Gazeti limesema Brussels inapokea maoni mpaka mwisho wa Agosti, kisha inaamua. Waandikie. Waambie wewe ni mtoto wa hapa. Waambie kwamba kwetu mgeni akiketi kwenye kahawa haambiwi shida, hata nyumba ikiwaka moto nyuma yake ataambiwa joto la leo zuri. Unajua. Wenzako hawajui, lakini wewe unajua. Mstari mmoja tu wa mkono wako: watu hawa walikuwa na adabu, msiichukue adabu kama jibu.

Na kama hasira yako ni ya zamani, mimi naielewa. Bibi aliwahi kunieleza kuhusu babu, kile kiwanda cha nguo kilipofungwa, na nani alimkuta ghalani ameshakufa. Hujawahi kulitaja hata siku moja. Sikulazimishi. Nasema tu kwamba najua, na kwamba pole.

Nakusubiri.

Solvej


Geneva, 3 Septemba 2025

Solvej,

Mimi ni mzima. Hali ya hewa nzuri.

Barua yako ya Julai niliipata kwa wakati. Sikujibu kwa sababu jibu lolote kabla ya mwisho wa Agosti lingekupa tumaini, na tumaini hilo lingekuwa la uongo. Sasa siku zimepita, tunaweza kusema wazi.

Ndiyo, najua watu wa Hjelmtoft hawalii mbele ya mgeni. Nimelelewa kwenye meza hizo. Lakini nikiandika kwamba "itakwenda tu" ya Gerda ichukuliwe kama kilio, kesho kila kijiji cha Ulaya kitaleta shangazi yake aje kutafsiri kilio chake. Mtu aliyeulizwa vizuri, kwa lugha yake, na mtu asiyemtisha, akasema haumwi, asishangae daktari akimpita akaenda kitanda kinachofuata. Waliulizwa wakajibu. Mimi niliandika.

Ulisema hesabu huwezi kubishana nazo, basi nikupe moja. Kulinda kazi ya mumeo kunawagharimu wazazi wa Ulaya kila mwaka mara nne ya mshahara wake. Ingekuwa nafuu kumlipa Troels alale. Niliisema hii Brussels na ukumbi ulicheka, na sikuona kosa lao.

Kuhusu wanakijiji wanaokutania: watachoka. Watu hutania kilicho karibu.

Kuhusu babu yako: la.

Ragnhild


Hjelmtoft, 12 Oktoba 2025

Shangazi,

Tumo. Vigga amejifunza kusema "mvua", na tangu hapo haijaacha kunyesha.

Umeshasikia, ushuru umefutwa. Kiwanda kitafunga mlango Krismasi. Walitangaza wakati wa mapumziko ya saa tatu, watu wana mkate mdomoni. Msimamizi akauliza kama kuna maswali. Henning akanyoosha mkono, akauliza mashine ya kahawa itaenda wapi.

Hakuna anayeniuliza tena tunahama lini. Ningependa waniulize. Sasa nikiingia dukani ananipisha hata mtu mzima. Gerda ananiita "bibi mkubwa". Nilimpelekea keki, akaipokea mlangoni, akanirudishia sahani kabla sijafika lango. Sahani ilikuwa na keki aliyooka yeye, asiwe na deni kwangu.

Nimekuwa nikifikiri juu ya yule mama wa Bukarest uliyeniandikia. Siku nyingine namwona kabisa, na mitaa yake mitano. Namwombea kigari chake kiwe imara. Sisemi kwa kejeli. Ila sijui kwa nini ilibidi tuwe kwenye mizani moja, mimi na yeye, na sisi wawili hatujawahi kugombana.

Bibi anauliza kama gari lilitengenezwa.

Solvej


Geneva, 2 Novemba 2025

Solvej,

Natumaini mko salama.

Nakuandikia kwa jambo la kazi, na safari hii linaweza kukufaa. Ni nadra kiwanda kimoja kufungwa siku moja katika kijiji kimoja chenye watu waliokwisha kuhojiwa kabla. Kwa sisi watafiti ni bahati ambayo huja mara moja katika maisha. Taasisi imekubali tufuatilie familia za Hjelmtoft kwa miaka kumi: nani kahama, nani kapata kazi, ndoa zipi zimevunjika, nyumba zimeuzwaje, watoto wanaendeleaje shuleni. Vigga ana umri mzuri kabisa wa kuanzia.

Ningependa familia yenu iwe ya kwanza. Kila mwezi utaandika hali yenu, kwa maneno yako. Kuna malipo madogo. Ulilalamika kwamba sikuandika mlichomaanisha. Basi sasa nakupa nafasi. Jibu kwa ukweli, usiandae keki.

Ragnhild


Hjelmtoft, 23 Novemba 2025

Shangazi Ragnhild,

Nimekubali. Troels alitaka kuichana barua yako, nikaificha chini ya mto. Nimefikiri hivi: kama kuna mtu atakayesoma mambo yetu miaka kumi, afadhali ayasome kutoka kwangu. Na labda kijiji kingine, mbele ya safari, wakubwa wataulizana kwanza. Mimi ni mtu wa kutumaini, ndivyo nilivyoumbwa, usinicheke.

Basi, mwezi wa kwanza. Umetaka ukweli.

Troels hakungoja Krismasi, amepata kazi ng'ambo ya mpaka, kwenye maghala huko Hamburg. Anaondoka Jumatatu na kurudi Ijumaa. Vigga anafikiri baba yake amekufa kila Jumatatu, maana ndivyo mwenzake wa shule ya chekechea alivyomweleza. Mimi naosha sakafu kwenye nyumba ya wazee, kwa hiyo namwona Bibi kila siku; ndiyo faida. Ameacha kuniuliza habari zako. Nilidhani nitafurahi akiacha.

Henning amelazwa, hawasemi ana nini. Gerda amemfuata binti yake Odense. Aliondoka bila kuniaga, ila asubuhi yake nilikuta mlangoni mapaa mawili ya vigari, ameshona mwenyewe, rangi ya kijani. Mawili. Hajui kwamba mimba ya mtoto wa pili iliharibika mwezi uliopita. Hakuna anayejua, hata wewe sikukuambia. Andika hilo pia, kama lina mahali pake kwenye majedwali yenu.

Nyumba tumeiweka sokoni. Benki imetaka hivyo.

Na andika hili, shangazi, neno kwa neno, usilipunguze. Mwezi wa Mei, yule kijana aliponiuliza, nilisema tutafunga mizigo kama watu wote walivyosema yao. Lakini nilikuwa sijamaliza. Nilikwisha kufungua mdomo niseme: ila hatutaki, tafadhali, hatutaki, tunaogopa. Mimi pekee katika ukumbi ule ningeharibu meza. Na wewe, nimesimama kando yako na birika, ukanikanyaga mguu chini ya kitambaa cha meza. Ulikanyaga ukaushikilia, mpaka akageukia mtu mwingine, na ukaendelea kuangalia kikombe. Nilidhani nimekuaibisha. Miezi sita nimekaa na hilo, nikajilaumu mimi, nikasema ndivyo shangazi anavyomfundisha mtoto adabu. Leo nimeelewa kwamba uliujua ukweli ulipokuwa unatoka, ukaukanyaga. Sikuchukii, sijui kukuchukia. Nakuuliza tu, na hili ndilo swali langu la mwezi huu, kwa sababu na sisi tuwe na haki ya kuuliza: ulipokuwa umeukanyaga mguu wangu, ulikuwa unamfikiria nani, yule mama wa Bukarest au...

Ngoja. Troels ananiita toka mlangoni. Wamefika watu wa kuangalia nyumba, mke na mume, kutoka mjini, wanauliza kwa nini tunauza nyumba nzuri hivi, naye anasema nije niwajibu mimi maana mimi ndiye ninayejua kusema na wageni. Naja, naja! Anaita tena. Nitawaambia ukweli safari hii, shangazi, nitawatazama usoni na kuwaambia kwamba sisi...